Mafundo ya Harusi ya Isnino

Isiolo,
Julai, 1966

Kwa Gatakaa, mama Teresia, rafiki yangu wa jua na wa mvua,

Salaam aleikum. Najua salamu hiyo inakuchekesha kila mara, basi nakuongezea ya kwenu: muga! Goti lako linasemaje na baridi ya huko juu Meru? Bado unabeba mkungu wa ndizi mgongoni kama msichana, ama siku hizi unawasikiliza watoto wako? Mimi nipo, alhamdulillahi. Meno yangu yamebaki machache lakini yanajuana, na nyama bado inayaogopa. Yule mbuzi mweupe uliyeniachia ulipohama amezaa tena, na mtoto wake ana kichwa kigumu kama chako. Simuuzi. Mtu akiniuliza bei namwambia huyo ni wa Gatakaa, mwenyewe ameenda kwao kidogo, vita ikiisha atarudi kuuza ndizi zake mbele ya mlango wangu.

Anayeandika ni Isnino, mjukuu wangu. Mimi kalamu siijui. Baba yangu aliuliza kalamu inakamua ngamia gani, na maneno ya shule yakaisha hapo. Nimemwambia Isnino aandike vile ninavyosema, asinipake sukari. Na wewe Kinanu unayemsomea nyanya yako, soma kwa sauti na usiruke neno, hata lile utakaloona halina adabu. Sisi tumezeeka, tunaruhusiwa.

Kwanza, blanketi. Teresia wako alilifikisha, na ndizi pia, ingawa ndizi zilifika zikiwa zimelaliwa. Najua ulikuja mwenyewe mpaka kwenye kizuizi cha barabara ukarudishwa. Najua pia ulichowaambia wale askari, maana dereva aliyekuwa nyuma yako amekisimulia mji mzima. Usijute. Watu walikutaja sana siku ile hata nikaona kama umekaa pale jikoni unaniharibia wali.

Gatakaa, tumeoza! Isnino ameolewa. Ameolewa mchana kweupe, mbele ya mji, katika mwaka ambao hata kuzika watu wanazika haraka haraka. Mtoto huyu tulimzika mama yake angali ananyonya, na ni wewe uliyezunguka Isiolo na kikombe ukimtafutia maziwa. Halafu mwaka jana barabara ya Garba Tula ikamchukua baba yake, Duale wangu, yeye pamoja na lori lake. Nilipoondoka matangani nilisema neno moja tu: huyu hataolewa kama kitu cha kuokotwa. Ataolewa kama binti wa Duale.

Kibali cha kukusanya watu nilikipata kwa kwenda kukaa mbele ya ofisi kila asubuhi mpaka karani akachoka na uso wangu. Alisema ngoma isipigwe, na jua likianza kushuka kila mtu awe ndani kwake. Nilimwambia harusi bila ngoma ni matanga, lakini ngoma nitamwachia, yeye aniachie vigelegele. Akauliza vigelegele vitachukua muda gani. Nikamwambia tangu dunia iumbwe hakuna mwanamume aliyewahi kuuliza swali hilo akajibiwa. Akapiga muhuri.

Bwana harusi ni Kulmiye, kijana wa Merti, anafanya kazi ya utingo kwenye malori. Ni mpole. Mwanzoni nilidhani ni bubu. Lakini malori siku hizi yanakwenda kwa msafara tu, yakiwa na askari mbele na nyuma, leo ndiyo na mwezi ujao labda. Wanyama wa baba yake waliisha wote baada ya watu kukusanywa kambini, kwa sababu ng'ombe hajui kuishi mahali pamoja kama meza. Kwa hiyo hakuna ngamia wa mahari wa kusimama mlangoni. Nilimwambia baba mkwe asinione haya. Mahari tutaandikiana mioyoni, Mungu ana kumbukumbu.

Lakini watoto wataishi kwa nini? Hapo ndipo Isnino akaniambia anataka cherehani. Cherehani ya miguu, ile inayokanyagwa. Alijifunza kushona kwa masista akiwa shule, na mkono wake ni mwepesi. Akiwa nayo, Kulmiye apate safari asipate, sufuria haitalala chini kifudifudi. Basi tukakubaliana kwamba chochote watakachotoa watu siku ya harusi, hata senti, ni cha cherehani. Asile mtu, asiguse mtu, asikope mtu.

Na hapa ndipo shida ilipoanzia, rafiki yangu. Zamani watu wetu walitoa mbuzi, ndama, ngamia mwenye mimba. Mbuzi ana alama sikioni. Ukimwiba, atalia njia nzima na mji mzima utasema huyo si mbuzi wa fulani? Safari hii mifugo haipitishwi popote, kwa hiyo kila mtu alikuja na shilingi. Shilingi haina sikio. Ikiingia mfukoni mwa mtu inamwita baba. Makarani na walimu walikuja na bahasha zenye kadi ndani, zimechorwa maua ambayo sijawahi kuyaona Isiolo. Wenye maduka walikuja na noti mkononi. Mimi nimelinda wanyama maisha yangu yote na fisi ananijua kwa jina, lakini makaratasi sikujua yanachungwa vipi.

Tena kulikuwa na Jama.

Wewe unamjua Jama, mwanangu wa pili, kwa hiyo sitakudanganya. Duale alirithi kazi ya baba yao, Jama akarithi koti lake. Lile koti zito la jeshi, lenye vifungo vya shaba vyenye simba, ambalo mzee wangu alirudi nalo kutoka vita vya kwanza vya Wazungu, kabla hajanioa. Jama alilivaa jua likiwaka, alilivaa mvua ikinyesha. Mji ulimjua kwa koti kabla ya kumjua kwa uso. Kazi alifanya leo, kesho akatafuna miraa na kucheza karata nyuma ya soko. Kila kilichopita mkononi mwake kilipungua kidogo, kama maziwa yanayopita kwa paka. Na desturi yetu inasema baba akiwa amekufa, ndugu yake ndiye anayesimama mahali pake, na ndiye anayewekewa zawadi za harusi. Yaani Jama. Wazee walikuja kuniambia hivyo kwa heshima zote. Nikawaambia kwa heshima zote kwamba ni kweli, Jama atakaa na sanduku.

Nilikuwa nimeshaongea na Teresia. Gatakaa, ulizaa! Huyo binti yako akiacha unesi atapewa kazi ya upelelezi. Tulichukua lile sanduku langu la bati, tukatoboa tundu juu, tukalitia kufuli kubwa la duka, na ufunguo nikamvisha Jama shingoni mbele ya wazee wote. Teresia akakaa mezani pembeni yake kupokea bahasha na kushukuru watu kwa Kiswahili kile chake cha hospitali. Lakini ndani ya sanduku kulikuwa na mahindi. Chini ya meza, nyuma ya kitambaa kirefu cha meza, kulikuwa na sinia. Mkono wa Teresia ulikwenda tunduni, bahasha ikashuka nyuma ya sanduku. Sinia likijaa anaita msichana alete jingine la wali, na hili la chini linaingia jikoni likiwa limefunikwa, kama mabaki. Jikoni kwa wanawake hakuna mwanamume anayekanyaga. Jama alikaa pale na koti lake, jasho linamtiririka, ufunguo unang'aa kifuani, anasalimia watu kama waziri. Nilipita nikamwona, na nakwambia kweli, nilicheka moyoni kwa ujeuri. Nikasema, linda mahindi, mwanangu.

Harusi yenyewe nikikueleza yote karatasi itaisha. Isnino alitoka amevaa shela ya mama yake. Alitembea polepole, kichwa juu, hakukosea hatua, hata wale waliokuja kwa ajili ya nyama tu walinyamaza. Tulipiga vigelegele mpaka askari wa doria wakasimama barabarani wakidhani kuna jambo. Mmoja wao alipewa sahani, akala amesimama, bunduki begani, akasema wali una chumvi nzuri. Jua lilipoanza kushuka watu wakaondoka kama karani alivyotaka, na mji ukafungwa.

Sasa, heero. Ulikuwepo harusi ya Duale, lakini uliondoka kabla ya siku ya saba, kwa hiyo hukuiona ikifunguliwa. Heero ni chombo cha harusi, sisi tuliotoka kaskazini ya mbali tulikuja nacho. Unachukua chombo kikubwa cha kusukwa, unajaza nyama iliyokatwa vidogo na kukaangwa kwa samli mpaka ikauke, juu unaweka tende, unafunika kwa kifuniko cha mkeka chenye ncha. Halafu unakivalisha. Shuka jeupe, shanga, mtandio kichwani, mpaka kinakaa kama bibi harusi mdogo aliyechuchumaa. Kisha unamfunga kamba, kamba juu ya kamba, mafundo yanayojificha chini ya mafundo mengine. Upande wa bibi ndio unaofunga. Siku ya saba upande wa bwana ndio unaofungua, kwa vidole tu, mbele ya watu. Kisu ni aibu. Mtu akikata kamba ya heero, wanawake watamwimba mpaka wajukuu zake wakose wachumba. Na kabla ya siku hiyo hakuna anayeigusa. Hata mwizi ana mama.

Siku ya harusi nilikuwa nimeiacha kwa makusudi bila kuifunga. Watu wote walidhani nimezeeka nimechelewa. Baada ya wageni kuondoka nilijifungia na Teresia, nikatoa tende, mahali pa tende nikaweka pesa. Kadi zenye maua nilimpa Isnino azipange ukutani. Noti na sarafu nilizifunga kwenye kitambaa, zikakaa chini ya kifuniko, juu ya nyama. Halafu nikafunga. Jama alipokuwa mtoto aliwahi kufungua heero ya shangazi yake, akala akashiba, akaifunga tena, na tukagundua siku ya saba mbele ya wakwe. Nilimchapa. Kwa hiyo safari hii nilifunga fundo la bibi yangu aliyemzaa mama, ambalo sikuwahi kulifunga mbele ya mtoto yeyote niliyemzaa. Nilipomaliza nilipigapiga mikono nikamwambia Teresia kwamba sasa hata serikali haifungui.

Nilisema neno hilo na serikali ikaja. Siku chache baadaye msako ulipita mtaani kwetu, wanatafuta bunduki na watu wa shifta, wale waasi wa porini. Unajua msako ulivyo. Magodoro nje, unga chini, na baadaye majirani wanaulizana nani aliona nini kikienda wapi. Mimi moyo wangu ulikuwa pale pembeni kwenye heero. Kulmiye na Isnino walikuwa wanakaa chumba cha nyuma, maana kwao Merti hakuendeki, na Jama alikuwa amesimama mlangoni na koti lake. Mkubwa wa wale askari, kijana wa masharubu machanga, aliielekezea fimbo akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni bibi harusi. Akasema bibi harusi si yule pale? Nikamwambia yule ni wa nyama, huyu ni wa kamba, na anayemvua nguo ndiye anayemwoa, kwa hiyo kabla hajashika aniambie kwao wana ngamia wangapi.

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akainama akanusa, akasema ndani kunaweza kuwa na risasi. Nikamwambia mwanangu, nusa tena, nani anakaanga risasi kwa samli? Akatoa kisu kidogo mfukoni. Gatakaa, nilisimama katikati yake na kile chombo, na mimi unanijua nilivyo mfupi, nikamwambia kwamba akikata kamba hiyo hatakuwa amenikosea mimi mzee wa mguu mmoja kaburini, atakuwa amemvua nguo mtoto asiye na baba wiki ya harusi yake, na nikamuuliza kama ana dada.  Kisha akarudisha kisu. Akasema kwao pia kuna chungu cha mama mkwe ambacho mtu hagusi, akawaambia wenzake twende. Akaondoka na mguu wa kuku kutoka sufuriani, lakini huo nilimpa kwa mkono wangu.

Nilipogeuka nikijisifu, nilimwona Jama. Alikuwa anaitazama heero. Haitazami kama mtu anavyotazama chombo. Anaitazama kama mtu anavyotazama mlango. Akanitazama mimi, akatazama chini, akatoka. Nikajua amejua. Nikajua kwamba nimesimama mbele ya kisu cha askari kwa nguvu mno, na mama hasimami hivyo kwa ajili ya nyama.

Tangu hapo sikutoka nyumbani. Nilimtuma mtu sokoni, nilimtuma mtu maji. Lakini mzee ana mahitaji yake, na Ijumaa nilikwenda kusoma dua kaburini kwa mzee wangu. Niliporudi, Jama alikuwa amekaa nje kwa shati. Koti halipo. Nikamuuliza koti liko wapi. Akasema limekwenda. Basi hapo nilifungua mdomo. Nilimwambia mbele ya wanawake waliokuwa wanachambua mchele kwamba amelitafuna koti la baba yake, limekwenda na miraa, amelitafuna na vifungo vyake vyote, na kilichobaki ni kututafuna sisi. Wanawake walicheka. Yeye pia alitabasamu kidogo, akasema hooyo, mama yangu, wewe maneno yako yangekuwa na mkia tungeyauza mnadani. Akaondoka. Ndivyo alivyo, huwezi kumkasirisha, na hilo ndilo linalokasirisha.

Siku ya saba ikafika. Tulitoa heero uani asubuhi, upande wa Kulmiye wakakaa huku, sisi huku. Mimi nilikuwa na fimbo ndogo, kwa sababu anayeshika kamba vibaya anachapwa vidole, ndiyo sheria. Nikamvua bibi harusi wangu wa kamba mtandio wake wa kichwani, ili watu waone mafundo.

Gatakaa, fimbo niliishusha.

Fundo la juu lilikuwa limelala kushoto. Mimi ninafunga kwa mkono wa kulia, na fundo langu hulalia kulia, limelala hivyo tangu nilipofundishwa. Katika nyumba yangu kuna mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto, nilimpiga utotoni ili auache na hakuuacha. Fundo lilikuwa lile lile la bibi yangu, limefungwa vizuri kabisa, lakini limefungwa na Jama.

Nifanye nini? Nikipiga kelele, nimemwita mwanangu mwizi mbele ya wakwe, na Isnino ameolewa katika nyumba ya wezi. Nikinyamaza, wataifungua wakute nyama, cherehani imekwenda, na mjukuu wangu hajui hata kwamba kuna kitu cha kulilia. Nilimtafuta Jama kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, karibu na zizi la mbuzi wako, mikono kwapani kwa sababu ya upepo. Nikakaa. Nikasema, ya Rabi, mimi nimefunga, fungua wewe.

Aliyejitokeza kufungua ni Kahin, kaka yake Kulmiye, mwenye maneno mengi kwa ajili yao wawili. Alisema kwao Merti wanafungua mdomo wa mamba, itakuwa kamba za bibi kizee? Alihangaika mpaka jasho likamtoka. Wanawake wakamuuliza kama amewahi kufungua hata kifungo cha shati lake ama anafunguliwa. Akaomba kisu kwa utani, nikamchapa vidole, na sikumchapa kwa utani, maana nilikuwa na hasira isiyo yake. Mwishowe Kulmiye mpole akasogea, akakaa chini. Akafuata kamba kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho wake, kama utingo anayekagua mzigo. Fundo la juu likalegea. La pili. Shuka likaanguka. Vigelegele vikapigwa. Mimi sikupiga.

Akainua kifuniko. Kitambaa changu kilikuwepo.

Nilikivamia kama mwewe. Nikakishika, kizito vile vile, hakijafunguliwa, fundo langu la kulia liko juu yake. Na pembeni yake, juu ya nyama, kulikuwa na kifurushi kingine kidogo ambacho sikukiweka mimi. Kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha bitana ya kijani. Watu wakauliza na hicho ni cha nani. Nikasema ni changu, yangu ya uzeeni, mnataka kunihesabia? Nikakifumbata. Ndani ya kiganja nilikuwa nimeshasikia kitu cha duara, kigumu. Sikuhitaji kukitazama. Nilikuwa nimeking'arisha kitu hicho kwa majivu tangu nilipoolewa. Kilikuwa kifungo cha shaba chenye simba.

Basi, umeelewa. Koti lilikwenda kwa mlinzi wa usiku wa lile duka la mikate, nimeliona juzi, linamkaa vibaya. Na pesa yake yote, bila kipande kutafunwa, ilikuja kulala juu ya nyama ya Isnino.

Nilimfuata Jama zizini. Nikamuuliza kwa nini hakutoa mbele ya watu kama mwanamume. Akasema angetoa mbele ya watu, ningeuliza ametoa wapi. Angenipa mkononi, ningehesabu, halafu ningeuliza nyingine iko wapi. Alisema hayo bila uchungu, Gatakaa, alisema kama mtu anayesema mvua hainyeshi mwezi wa saba. Nikamuuliza alijuaje fundo la bibi yangu. Akaniambia aliyebebwa mgongoni anajua mama yake anavyofunga. Na sanduku? Hapo akacheka mpaka akashika boma. Alijua ni mahindi tangu alipolisogeza mara ya kwanza. Alikaa nalo jua lote hilo ndani ya koti kwa sababu, alisema, macho ya mwizi huenda anapokaa mlinzi, na yeye mji mzima ulikuwa umezoea kumwangalia mikono. Acha wamwangalie.

Mimi nilidhani ninamlinda Isnino asiibiwe na Jama. Kumbe tulikuwa wawili tuliokuwa tunamlinda.

Akaniomba neno moja tu, kwamba nisimwambie Isnino, maana mtoto ataona haya kila akikanyaga cherehani. Nikamwahidi, na sijamwambia Isnino. Nakuambia wewe, rafiki yangu. Kama anayeandika ana masikio, hilo si kosa langu.

Isnino amesimamisha kalamu. Nimemwambia machozi hayajui kusoma, yataufuta wino tu. Anasema ayeyo, nyanya yangu, ngoja kidogo. Tumengoja kidogo. Sasa anaandika.

Sikiliza, kwa maana hii ndiyo sababu ya barua. Cherehani haipatikani hapa, iko kwa Mhindi wa Meru, yule wa karibu na soko, na wewe bei zake unazijua na yeye anakuogopa. Pesa ya watu ni ya cherehani. Pesa ya koti ni ya vitambaa na nyuzi, maana cherehani bila kitambaa ni meza ya kelele. Noti zinanukia samli; Mhindi akikunja pua mwambie anuse vizuri, hiyo ndiyo harufu ya watu wenye heshima.

Mtu aliyekuletea barua hii ndiye Jama. Amepewa pasi ya kupita kizuizini. Pesa yote iko kiunoni mwake, nimemfunga mwenyewe, fundo la kulia, na yeye akilifungua na kulifunga la kushoto ni sawa tu. Wazee walishangaa, wakasema sasa huyu? Nikawaambia ndiyo, huyu. Nilipompa sikuhesabu. Akikupa, na wewe usihesabu.

Jambo jingine. Mwezi huu huko kwenu ni baridi, na mwanangu amekuja na shati tu. Mtafutie koti pale sokoni, hata kuukuu, liwe na mabega tu. Utamwambia ni lako, limekuzidi. Ndani ya bahasha hii kuna kile kifungo cha simba, usimwonyeshe kwanza. Koti likiwa na vifungo vyake vyote, ng'oa kimoja, cha kifuani, ushone hiki.

Wasalimie wote wanaoniuliza, na wasioniuliza wasalimie zaidi, waone haya. Teresia anakula vizuri, mimi ninamwona. Kulmiye anakusalimu kwa kichwa, maneno bado hajayapata. Mbuzi wako anakusalimu kwa pembe. Barabara ikifunguliwa uje ukae kwenye kiti cha kwanza kitakachoshonewa mto na Isnino. Mungu wako na wangu ni jirani, wakuweke.

Kidole gumba hicho hapo chini ni changu, Isnino amekipaka wino. Miaka yote watu wameniita mama Duale, na nitaitwa hivyo nikifa. Lakini kwenye barua hii nimemwambia aandike vingine.

Ni mimi rafiki yako,

Luul,
mama Jama